Kusitiri si Kuficha Dhulma: Wajibu wa Mlezi Aonapo Dalili kwa Mtoto

TAHARIRI

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyejiharamishia dhulma na akaiharamisha baina ya waja wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye alikuwa akiingia katika Sala akikusudia kuirefusha, kisha akasikia mtoto analia nyuma ya safu, akaifupisha. Rehma na amani pia ziwafikie ahali zake, Masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, tunapenda mwezi huu tuzungumze na watu maalumu miongoni mwetu: walimu wa madrasa, walimu wa shule za awali, mama walezi wa vituo vya yatima, wasimamizi wa mabweni, na kila aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake kwa saa moja au kwa mwaka mzima. Hawa huona mambo ambayo wengine hawayaoni. Humwona mtoto anapokaa kitako kwa tabu. Humwona anapokuwa wa mwisho kuondoka chuoni ilhali wenzake wamekwisha kimbilia makwao. Swali letu ni moja: mlezi akishaona, ni lipi linalompasa?

Mwandishi wa mistari hii ana sababu ya kuuliza. Miaka kadhaa iliyopita, akiwa ndio kwanza amerejea kutoka masomoni na kuanza kusomesha, alikuwa na mwanafunzi wa umri wa miaka tisa hivi, mwerevu, mwenye kuhifadhi haraka. Mtoto huyu akiishi kwa baba yake mdogo baada ya kufiwa na wazazi. Mwezi wa Rajab nikaona alama nyuma ya miguu yake, zimepangana kama za waya. Nikamuuliza, akasema ameanguka. Nikajua kwamba kuanguka hakupangi alama namna ile. Wiki chache baadaye akaomba ruhusa alale msikitini. Nikamwuliza mkubwa wangu katika chuo, naye akanijibu kwa upole kabisa, "Ustadhi, hayo ni mambo ya nyumba za watu. Na yule bwana ni mtu wa safu ya kwanza." Ni kweli, alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Nikanyamaza. Nikamwombea mtoto dua, na nikajiona nimefanya.

Baada ya Idi mahali pake palikuwa patupu. Aliyemwokoa ni mama mmoja anayeuza vitumbua mwanzo wa mtaa. Hakusoma vitabu vya fiqhi wala hakuwa na cheo. Alimwona mtoto amebeba ndoo kwa mkono mmoja, na ule mwingine umevimba na kuning'inia. Aliacha karai lake jikoni, akamshika mtoto, akaenda naye kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kutoka hapo hospitali. Mkono ulikuwa umevunjika siku nyingi. Afisa ustawi wa jamii alipofika chuoni kutuhoji, aliuliza swali fupi: "Ustadhi, wewe uliona lini mara ya kwanza?" Nikajibu, "Rajab." Tulikuwa Shawwal. Akaandika, hakusema neno.

Tangu siku hiyo nimeirudia hesabu ile mara nyingi: Rajab, Shaaban, Ramadhani, Shawwal. Ndani ya miezi hiyo tulikesha, tulihitimisha Qur'ani, tulitoa Zakatul-fitri. Na muda wote huo nilikuwa na ushahidi wa dhulma kifuani mwangu, nikidhani kuwa kunyamaza kwangu ni adabu ya dini.

Udhuru wanaoutoa watu kwa jina la dini

Kwa hakika jambo la kusikitisha ni kuwa wengi wetu hatunyamazi kwa kukosa huruma. Tunanyamaza kwa sababu tumeyafahamu baadhi ya mafundisho nusunusu, kisha tukaifanya ile nusu kuwa pazia. Tuutazame udhuru huo mmoja mmoja.

Udhuru wa kwanza ni sitara. Husemwa kuwa tumeamrishwa kumsitiri Muislamu, na atakayemsitiri nduguye Allah atamsitiri. Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Sahihi Muslim. Lakini tuwaulize waliotufafanulia Hadithi hizo. Imamu An-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika sherehe yake ya kitabu hicho, amebainisha kuwa sitara inayohimizwa ni kwa mtu asiyejulikana kwa maudhi na ufisadi, na ni katika dhambi iliyotendeka ikapita. Ama anayejulikana kwa kuudhi watu, kumsitiri kunampa ujasiri wa kuendelea, hivyo bora jambo lake lifikishwe kwa wenye mamlaka maadamu hakuna madhara makubwa zaidi yanayohofiwa. Na ama uovu ambao mtu angali anautenda, huo ni wajibu kuuzuia kwa mwenye uwezo, wala haijuzu kuchelewa. Na asiyeweza aufikishe kwa mwenye uwezo. Sasa, mtoto anayepigwa kila usiku, au anayeingiliwa na jamaa yake, je, hiyo ni dhambi iliyopita au ni moto unaowaka? Kumsitiri mwenye kuuwasha ni kuuongezea kuni.

Tena tukumbuke kuwa katika jambo hili Waislamu ni wawili, si mmoja. Yupo mtuhumiwa na yupo mtoto. Anayestahiki sitara ya kwanza ni yule aliyevuliwa sitara yake bila ya hatia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kinaweza kuwa cha mtoto kweli.

Udhuru wa pili ni mashahidi wanne. Husemwa kuwa mwenye kutaja uchafu bila ya mashahidi wanne ni mwongo mbele ya Allah, na adhabu yake inajulikana katika Surat An-Nur. Hapa pamechanganywa milango miwili. Mashahidi wanne ni sharti la kadhi anapotaka kusimamisha hadd ya zinaa juu ya mtu. Si sharti la mtoto kupelekwa hospitali. Si sharti la mtoto kutolewa katika nyumba anamoumizwa. Na kashfa iliyokemewa ni kumtangaza mtu kuwa amezini. Mlezi anayesema mbele ya mhusika, "Nimeona damu katika nguo ya mtoto huyu, naye ameniambia maneno kadha," hajamzulia mtu. Amesema alichokiona na alichokisikia. Hukumu si yake. Huu ndio msingi ambao tungependa kila mlezi aushike: kutoa taarifa si kutoa hukumu. Mwenye kutoa taarifa hatakiwi kuthibitisha. Anatakiwa asifiche wala asizidishe.

Udhuru wa tatu ni dhana na upekuzi. Tumekatazwa dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Hivyo imekuja katika Surat Al-Hujurat. Nasi tuangalie neno "baadhi". Wanachuoni wametofautisha baina ya dhana isiyo na tegemeo na dhana iliyosimama juu ya dalili. Kanzu ya Nabii Yusuf (A.S.) ilichanika kwa nyuma, na kuchanika huko kukatosha kuonyesha nani alikuwa anakimbia na nani alikuwa anafukuza. Ibn Al-Qayyim ameitegemea kisa hiki na mfano wake alipofafanua kuwa dalili za hali zina uzito katika kutafuta haki. Alama za waya miguuni ni kanzu iliyochanika. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa anashtuka akiguswa bega, akajikojolea darasani akiwa na umri wa miaka kumi, akakataa kabisa kwenda nyumba fulani, hizo nazo ni dalili, japokuwa kila moja peke yake huenda ikawa na sababu nyingine. Kwa ajili hiyo tunazipeleka kwa wajuzi wazichunguze.

Na kuhusu upekuzi, Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria), alipoandika juu ya muhtasib, alikubali kuwa asili ni kutopekua siri za watu. Lakini akatoa hali moja: panapokuwa na dalili au habari ya mtu mkweli kuwa panavunjwa heshima ambayo ikishavunjwa hairudi, kama mtu kutaka kuuawa faraghani, hapo inajuzu kufuatilia na kuwahi kabla halijapita. Ni heshima gani isiyorudi kuliko ya mtoto?

Udhuru wa nne ni ghiba. Huu unajibiwa kwa maneno mafupi. Wanachuoni wametaja hali ambazo kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa kwa haja ya kisheria, na An-Nawawi amezikusanya sita katika Riyadhus-Salihin. Miongoni mwazo ni kushitaki dhulma kwa mwenye mamlaka, kuomba msaada wa kuondoa uovu, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Lakini ruhusa hii ina mipaka, na wapo wanaoivuka. Kumtaja mtu mimbarini kabla jambo halijachunguzwa, au kusambaza picha na habari ya mtoto katika makundi ya WhatsApp, si kutoa taarifa. Huko ndiko ghiba yenyewe inakokaa, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwa kuwa mtaa mzima utamnyooshea kidole mpaka atakapooa au kuolewa.

Udhuru wa tano, nao ndio mzito katika miji yetu ya pwani, ni sulhu. Jambo likitokea, wazee wa pande mbili hukaa, hunywa kahawa, fedha hutolewa, pengine hata posa hupelekwa, kisha husemwa yamekwisha. Tunajua kuwa sulhu ni kheri. Lakini tumefundishwa pia kuwa sulhu inayohalalisha haramu si sulhu. Haki iliyovunjwa ni ya mtoto, wala ami au mjomba hana mamlaka ya kuiuza kwa niaba yake. Na aliyelipa fedha akatoka amejifunza jambo moja tu, nalo ni bei.

Je, haya ni ya wageni?

Wapo wanaosema kuwa maneno haya ya ulinzi wa mtoto yameletwa na mashirika ya kigeni ili kuvunja malezi yetu. Ndugu zetu hawa tunawaomba wafungue vitabu vyetu wenyewe. Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 256 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya adabu za walimu wa watoto, akamwekea mwalimu mpaka wa viboko vitatu na kumkataza kupiga kwa hasira. Al-Qabisi baada yake, katika mji huo huo, akamtaka mwalimu awalinde watoto wao kwa wao, pale anapokuwepo miongoni mwao aliyekaribia balehe na kuhofiwa ufisadi wake. Ibn Khaldun, alipotaja kazi za muhtasib, akahesabu ndani yake kuwazuia walimu wa vyuoni wanaopindukia katika kuwapiga wanafunzi. Maana yake ni kuwa miaka zaidi ya mia sita iliyopita, mwanachuoni huyu aliona ni jambo la kawaida mtu wa serikali aingie chuoni na kumshika mkono ustadhi. Nani basi aliyetuambia kuwa mlango wa chuo hauguswi?

Hata katika neno la mtoto tumetangulia. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kuwa Abdullah bin Zubayr akihukumu kwa ushahidi wa watoto katika majeraha yanayotokea baina yao, na Malik akashurutisha kuwa usikilizwe kabla hawajatawanyika na kabla hawajafundishwa la kusema. Sharti hilo lina hekima kubwa. Tutalirudia hapo mbele.

Sheria ya nchi inasemaje?

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 95, imemwekea wajibu kila mwanajamii, sio mwalimu wala daktari peke yake, kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa anapokuwa na ushahidi au habari kuwa haki za mtoto zinavunjwa. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayelishughulikia. Kifungu cha 13 cha sheria hiyo kimekataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, na kikaeleza kuwa kumrudi mtoto hakuwi na uhalali kunapopita kiasi kwa namna yake au kwa kulinganisha na umri wake na hali yake. Zanzibar nayo ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Na Sheria ya Ushahidi ya Bara, katika makosa ya kujamiiana, inairuhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake iwapo imeridhika kuwa anasema kweli.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya wachache. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanywa nchini mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikia miaka 18. Mwalimu mwenye darasa la watoto thelathini na azipige hesabu hizo mwenyewe, kisha awatazame watoto wake nyuso kwa nyuso.

Umaskini si kutelekeza

Hapa pana jambo linalohitaji uadilifu. Yupo mtoto anayekuja chuoni na njaa, nguo imechanika, kikohozi hakiponi. Je, huyu naye ni wa kupelekewa taarifa? Sheria tuliyoitaja imeliweka vizuri: imemtaja mzazi au mlezi ambaye ana uwezo lakini anakataa au anapuuza kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Basi mama mjane anayelala na njaa pamoja na wanawe hana kosa la kushitakiwa. Huyo anatudai sisi. Haki yake imo katika Zaka zetu, na aibu ni ya jirani aliyeshiba. Lakini baba mwenye duka, ambaye mtoto wa mke aliyeachwa anakuja kwake akikonda mwezi hadi mwezi huku watoto wengine wa nyumba ile ile wananawiri, huyo hana udhuru wa umaskini. Mlezi mwenye hekima hutofautisha hali hizi mbili: kwa wa kwanza hupeleka kikapu, kwa wa pili hupeleka taarifa. Na akiwa na shaka, amwulize afisa ustawi wa jamii, kwani kazi ya afisa huyo ni pamoja na kusaidia familia, si kuzishitaki tu.

Mlezi afanye nini?

Kwanza, amsikilize mtoto kwa utulivu. Asimkatize, asimkaripie, asioneshe kushtuka. Amwambie kuwa amefanya vizuri kusema na kuwa kosa si lake.

Pili, asimhoji kama polisi. Asimrudishie swali lile lile mara kumi, wala asimtilie maneno kinywani kwa kumuuliza, "Ni fulani, siyo?" Hapa ndipo linaporudi lile sharti la Imamu Malik. Neno la mtoto lina uzito likitoka safi. Likishapita katika vinywa vya watu wazima wanne, mahakama haitajua tena lipi lake na lipi letu.

Tatu, asimwahidi mtoto kuwa hatamwambia mtu. Hiyo ni ahadi asiyoweza kuitimiza. Amwahidi kuwa atawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia.

Nne, aandike siku hiyo hiyo: tarehe, alichokiona, na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka. Aandike "nimeona" na "ameniambia". Asiandike "fulani amefanya".

Tano, asimwite mtuhumiwa kuja kujieleza mbele ya mtoto, wala asiwatume watu kwenda kumpiga. La kwanza humnyamazisha mtoto, la pili ni dhulma juu ya dhulma. Na ikiwa anayeshukiwa yumo ndani ya nyumba, asimrudishe mtoto jioni hiyo kama hakuna kilichotokea, bali awahi kwa wahusika kabla ya jioni.

Sita, atoe taarifa. Milango ipo: mwenyekiti au mtendaji wa mtaa na kijiji, sheha kwa ndugu zetu wa Visiwani, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au simu namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo hupigwa bure. Mlango mmoja ukifungwa agonge mwingine. Kumwambia mkubwa wa chuo peke yake hakumwondolei mtu wajibu. Mwandishi wa mistari hii ni shahidi wa hilo.

Saba, iwapo mtoto ameingiliwa, asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe, apelekwe hospitali haraka. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zinahitaji kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Saa hizo ndizo ambazo wazee huzitumia kunywa kahawa ya sulhu. Fomu ya PF3 hutolewa polisi, na katika baadhi ya hospitali vipo vituo vya Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja.

Tuanzie chuoni kwetu

Ndugu zangu walimu, maneno haya hayatakuwa na baraka tukiyaelekeza kwa majirani tu. Lipo swali gumu zaidi: anayeshukiwa akiwa ni mwenzetu, ustadhi mwenye sauti nzuri ya kisomo, aliyehifadhi, anayependwa na wazazi, tutafanya nini? Mazoea tunayoyajua ni kumwambia aondoke kimya kimya "ili jina la dini lisichafuke". Naye huondoka, huenda mji mwingine na barua yetu ya sifa mfukoni, na baada ya miezi mitatu anakabidhiwa watoto wengine. Huko ni kuwapelekea watoto wa wenzetu balaa tuliloliondoa kwetu. Jina la dini halichafuliwi na anayetoa taarifa. Lilikwisha chafuliwa na aliyetenda, kisha likachafuliwa mara ya pili na waliomfichia. Allah (S.W.) ametuamrisha, katika Surat An-Nisaa, tusimame imara katika uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu wa karibu. Chuo chetu hakiko karibu nasi kuliko nafsi zetu.

Basi kila madrasa ianze na machache yasiyohitaji fedha. Mwalimu asikae na mtoto mmoja peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Wasichana wasomeshwe na kusimamiwa na walimu wa kike kila inapowezekana. Bwenini walale wakubwa mbali na wadogo, na msimamizi awe anajulikana tabia zake kabla hajakabidhiwa ufunguo. Fimbo isiwe mwalimu msaidizi. Ule msemo wa samaki mkunje angali mbichi haukusema mvunje. Na watoto waambiwe wazi, kwa maneno yao, ni nani wamwendee wakiwa na jambo, na kwamba hapana mtu mzima, hata ustadhi, mwenye haki ya kuwataka waweke siri ya namna hiyo.

Ndugu Waislamu, katika Surat Al-Qasas kipo kisa cha mtu aliyekuja mbio kutoka mwisho wa mji kumwonya Nabii Musa (A.S.) kuwa wakubwa wanashauriana kumuua. Qur'ani haikututajia jina lake. Hakungoja mpaka wauaji wafike ndipo apate uthibitisho. Alisikia, akajua kuwa ana habari ambayo maisha ya mtu yanaitegemea, akakimbia. Yule mama wa vitumbua alifanya kama yeye. Sisi wenye elimu, tuliosoma aya hiyo na tafsiri zake na iirabu yake, tulikuwa tumekaa.

Mtoto yule sasa ni kijana, anaishi kwa shangazi yake katika mji mwingine na amekamilisha kuhifadhi. Mkono wake haunyooki sawasawa. Kila anaponipa salamu huutoa ule ule, nami huupokea kwa mikono miwili, na hesabu ile ya miezi hunirudia. Sipendi mwalimu mwenzangu yeyote aje akawa na hesabu kama hiyo. Ukiona Rajab, sema Rajab.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu na watoto wa wenzetu, awaponye waliodhulumiwa, atusamehe kunyamaza kwetu kulikopita na atupe ujasiri wa kusema haki kwa uadilifu na upole. Amin.

Wabillahi tawfiiq.